Shemeji amekata mpingo, na kitabu cha doria ninacho mimi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa, naishi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Jina la kijiji naomba unihifadhie. Huku kwetu ukisema "yule mama katibu" kila mtu anajua ni nani.

Kijiji chetu kina msitu wake. Tuliutenga wenyewe, ukapimwa, miti ya mpakani ikapakwa rangi, na mkutano mkuu ukapitisha sheria ndogo. Mnunuzi anayetaka mpingo anakuja na mkataba, tunaingia naye porini, mti unapimwa, unagongwa nyundo ya kuweka alama ya ruhusa, fedha zinapitia benki. Kwa fedha hizo tumejenga vyumba vya madarasa na nyumba ya mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili. Mkutano ulinichagua kwa kunyoosha mikono, na mume wangu alinyoosha wake juu kuliko watu wote. Naandika mihtasari ya vikao, natunza daftari la mapato na kitabu cha doria.

Mwaka huu ufuta umetuangusha. Mvua ilikatika mapema, na kile kidogo tulichopeleka mnadani hakikutosha hata kulipa vibarua. Kipindi hichohicho mama mkwe akateleza kisimani akavunjika nyonga. Kumkimbiza hospitali ya mkoa, upasuaji, dawa, kumuuguza kule mjini, mzigo wote huo aliubeba shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Sisi tulichanga tulichoweza. Tulijua shemeji naye hakuvuna kitu, na kila mtu moyoni alijiuliza fedha anazitoa wapi, lakini hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa Mjomba, tukiwa doria mwenzetu mmoja akatuita. Visiki viwili vya mpingo, vibichi, unga wa msumeno bado uko juu ya majani. Hakuna alama ya nyundo. Magogo yameshaondoka, matawi yamefunikwa kwa nyasi. Kutoka pale mpaka kibanda cha shambani cha shemeji ukiita mtu anakuitikia. Shamba lile la mikorosho waliachiwa na marehemu baba yao na linapakana na msitu.

Hakuna aliyesema jina. Tuliporudi, mwenyekiti wa kamati akanivuta pembeni. "Katibu, wewe andika doria imefanyika, hali ni shwari. Hili la nyumbani kwenu tutalimaliza kiutu uzima." Mpaka leo ukurasa ule sijauandika.

Jioni nilimfuata shemeji. Hakukataa. Alisema mipingo ile iko katika shamba la baba yake, baba aliiacha makusudi alipofyeka, na hakuna mjumbe wa kamati aliyeipanda wala kuimwagilia maji. Alisema kijana mmoja wa mjini, anayekuja huku kununua mkaa, alimpa laki mbili mkononi, nyingine atapewa akitoa magogo zaidi. Yanabebwa kwa pikipiki usiku, vipande vifupi ndani ya magunia ya mkaa. Halafu akaniuliza kwa utani muhuri wa kijiji siku hizi anakaa nao nani, na kama zile stakabadhi zetu za mauzo zina namba. Nikacheka, nikaondoka.

Mume wangu nilimweleza usiku uleule. Hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe, siku hiyo alinipandishia. Anasema nikiandika nitakuwa nimemfunga mtu aliyemtibu mama yao kwa sababu ya miti, na siku hiyo nisirudi kwake, nibebe na kitabu changu niende kwetu. Mama mkwe yupo kitandani, hajui lolote, kila asubuhi ananiombea dua.

Naomba unisaidie. Mti ulioota katika shamba la mtu, ni wa nani? Nikiandika, shemeji atafungwa? Na je, nikijiuzulu ukatibu leo, nitakuwa nimejitoa katika hili?

Katibu, Kilwa

*

Marahaba mpwa wangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa usingizi unaoukosa.

Barua yako nimeirudia kwa sababu ya lile la muhuri. Wewe umeliandika kama utani wa shemeji, ukacheka ukaondoka. Mimi nimekuwa bwana misitu mpaka nikastaafu, na muhuri wa kijiji ukitajwa jirani na gogo la mpingo, mimi sicheki. Nitalirudia hilo. Kwanza mti.

Shemeji yako anasema kitu ambacho nimekisikia kila kijiji nilichofanya kazi: mti nimeukuta shambani kwa baba, serikali inaudai vipi? Si swali la kijinga na usimjibu kwa vitisho. Mjibu hivi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inampa waziri mamlaka ya kutangaza aina fulani za miti kuwa miti iliyohifadhiwa, na mpingo ni mmoja wao. Mti wa namna hiyo haupati ruhusa ya kukatwa kwa sababu umeota kwako. Mkorosho alioupanda baba yake ni wa ukoo. Mpingo wa asili uliobaki katikati ya mikorosho ana haki ya kukaa kivulini pake na kumzuia mgeni asiuguse, lakini ili aukate na kuuuza lazima awe na kibali. Baba yake aliuacha alipofyeka, na wazee wengi waliiacha hivyo. Wengine waliiacha kwa kupenda, wengine kwa sababu shoka liligoma. Sitamsemea marehemu.

Ila kabla hujamjibu hayo, kuna kazi ya kufanya ambayo barua yako imeiruka. Visiki vile viko upande gani wa mstari wa rangi? Umeniambia viko karibu na kibanda chake. Karibu si jibu. Ramani ya msitu ipo ofisi ya mtendaji wa kijiji, na mpango wenu wa usimamizi una maelezo ya mipaka. Nendeni na watu wawili wa kamati ambao si ndugu wa upande wowote, na mzee anayeujua mpaka tangu siku ya kupima, msome alama mti kwa mti. Mwenye simu inayoonyesha kwa namba (GPS) mahali alipo apige picha ya kisiki na asome namba hizo. Fanyeni mchana, na shemeji aitwe awepo.

Nasisitiza hili kwa sababu milango ni miwili tofauti. Visiki vikiwa ndani ya mstari, hiyo ni mali ya kijiji kizima, na sheria ndogo zenu zimeshaandika anayevuna bila ruhusa afanywe nini. Jambo linaanzia kwenu, kwenye kamati na halmashauri ya kijiji. Vikiwa nje, shambani, hilo si la sheria ndogo za msitu wa kijiji tena. Ni la afisa misitu wa wilaya na watu wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa sababu amekata mti uliohifadhiwa bila leseni. Unaona ajabu yake? Shemeji anadhani maneno "shamba la baba" yanamwokoa, kumbe yanaweza kumtoa kwenye baraza la wazee wanaomjua na kumpeleka kwa watu wasiomjua. Mwambie, asijitetee kwa neno asilolijua uzito wake.

Atafungwa? Mimi si hakimu, na mtu yeyote atakayekuhakikishia moja kati ya mawili anakudanganya. Sheria ina faini na ina kifungo, na mahakama inaweza kutaifisha magogo, msumeno na chombo kilichobeba. Lakini kwa miaka yangu yote kazini niliona tofauti kubwa kati ya watu wa aina mbili. Kuna mwanakijiji aliyekuja mwenyewe mbele ya kamati akasema nimekata viwili, huyu ndiye aliyenituma, niadhibuni. Na kuna aliyekamatwa barabarani usiku na gunia la mkaa lenye magogo ndani. Huyu wa pili hana tena wa kumsemea, kwa sababu amekutwa na mazao ya misitu yaliyofichwa, yasiyo na kibali hata kimoja. Shemeji yako bado yuko katika kundi la kwanza. Akitoa gogo jingine, atahamia la pili kwa mguu wake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye muhuri.

Mpingo ulioibwa hauna faida mpaka upate karatasi. Huyo kijana wa mkaa si mnunuzi wa mwisho. Kinachonunuliwa kwa bei nzuri huko mbele ni vipande vya kiini cheusi kisicho na ufa, vya kutengenezea klarineti, obo na zumari nyingine za Kizungu, na vipande hivyo vinavuka mipaka. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ambayo mpingo wetu umo ndani yake imewekwa katika orodha ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wapiga muziki walilalamika, na mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaachiwa zisafiri bila kibali hicho. Mbao na magogo hayakuachiwa. Kwa hiyo mahali fulani kati ya shamba la shemeji na bandari, lazima mtu aonyeshe kwamba gogo lile lilikatwa kihalali: leseni, alama ya nyundo, hati ya kusafirishia, na mwanzo kabisa wa mnyororo huo ni karatasi ya kijiji.

Kijiji chenye msitu halali, mauzo halali na stakabadhi zenye namba ndicho mwizi anachokitafuta. Kijiji kisicho na msitu uliotangazwa hakina cha kumpa. Atataka stakabadhi moja tu, au aongeze magogo yake mawili matatu katika orodha ya magogo mliyouza kihalali. Na kijana huyo anajua katibu ni shemeji wa nani. Samahani mpwa wangu kukuambia hivi, lakini sidhani kama mpingo wa shemeji ulichaguliwa kwa sababu ni mzuri. Ulichaguliwa kwa sababu uko karibu na wewe.

Kwa hiyo leo, kabla ya yote, mwone mtendaji wa kijiji. Mtendaji ndiye mtunza muhuri. Mwombe mhesabu stakabadhi pamoja, iliyotumika ya mwisho iandikwe namba yake, mtie sahihi wote wawili. Huna haja ya kumweleza ya shemeji siku hiyo. Mwambie unataka hesabu ikae sawa kabla ya kikao, na hutakuwa umesema uongo.

Kitabu cha doria. Andika. Hapa sina ushauri wa pande mbili. Lakini andika kilichoonekana tu: tarehe, waliokuwepo, mahali, visiki viwili vya mpingo, kipenyo cha kila kimoja, hakuna alama ya nyundo, magogo hayakukutwa. Jina la shemeji halihusiki katika ukurasa huo, kwa sababu doria haikumkuta mtu. Mlichokikuta ni kisiki. Mume wako anaogopa utaandika jina. Mwonyeshe ukurasa wenyewe aone kwamba halimo. Ukurasa ukiandikwa "hali ni shwari", basi aliyedanganya ni wewe, si mwenyekiti, kwa sababu mwandiko ni wako. Na wenzako wa doria wameona.

Tena kisiki cha mpingo hakina haraka. Mkuyu ungeoza, mchwa wakala, miaka michache watu wakasahau. Kiini cha mpingo mchwa wanakikwepa, na kisiki chake hubaki kikishuhudia muda mrefu. Siku atakapokuja mkaguzi, atauliza kile kisiki kiko ukurasa gani wa kitabu. Wilaya yenu inajulikana kwa ukaguzi wa namna hiyo: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, hapohapo Kilwa, ndivyo vilivyotangulia Afrika nzima kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji kupata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, na cheti hicho hakipatikani wala hakidumu bila vitabu kama hicho chako. Sijui kama kijiji chenu kimo katika mpango huo. Kama kimo, ukurasa wa uongo ni hasara ya vijiji vingine pia.

Ukishaandika, fanya jambo moja zaidi ambalo watu wengi hawalifanyi na ndilo lingewaokoa. Siku ya kikao, ajenda hiyo ikifika, simama useme: visiki hivi viko jirani na shamba la ukoo wa mume wangu, naomba mwingine aandike muhtasari wa ajenda hii nami nitoke. Kisha toka. Usipige kura, usichangie, usikae mlangoni kusikiliza. Hapo hakuna atakayesema umemlinda, na nyumbani hakuna atakayesema ulimhukumu.

Mwenyekiti wako simwelewi vizuri. Inawezekana ni mtu mwema anayetaka kukuondolea aibu. Inawezekana pia utu uzima anaousema una bahasha ndani yake. Huna haja ya kuchagua. Ukurasa ukiwa umeandikwa na wenzako wa doria wametia sahihi, mwenyekiti mwema hatakuwa na neno, na yule mwingine atakuwa amechelewa. Akikubana, kumbuka kamati iko chini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri inajibu mbele ya mkutano mkuu, ambao unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Mkutano ndio uliokuchagua, yeye hakukuajiri.

Sasa laki mbili. Sitaki kumcheka shemeji, ila hesabu yake inanisikitisha. Mpingo hukadiriwa kuchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Nao ni mti wa mikunjo, moto wa porini umeuunguza utotoni, mara nyingi ndani una tundu, na kwenye kiwanda cha mbao sehemu kubwa ya gogo hutupwa. Huyo kijana anajua hayo yote, ndiyo maana ananunua kwa macho, gizani, kwa bei ya kukadiria anayoipanga yeye. Kijiji kinapouza, kinapima kwa mita za ujazo, kwa mkataba, kwa bei iliyoandikwa. Na katika msitu wa hifadhi wa kijiji uliotangazwa kisheria, mkivuna kwa kufuata mpango wenu wa uvunaji, hata ile miti iliyohifadhiwa hamuilipii mrabaha Serikali Kuu. Fedha inabaki kijijini. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo sheria ya 2002 iliwapa watu wa vijijini, na ni wachache wanaoisema kwa sauti. Kama visiki viko ndani ya mstari, shemeji ameuza sehemu ya watoto wake mwenyewe pamoja na ya watoto wa jirani, akalipwa bei ya mkaa.

Na kama viko nje ya mstari na shambani bado kuna mipingo mingine, njia ya halali ipo, ingawa ni ndefu na sitaipamba. Anaandika barua kwa mtendaji, halmashauri ya kijiji inajadili na kutoa muhtasari, maombi yanakwenda wilayani kwa afisa misitu na kwenye kamati ya uvunaji inayoongozwa na mkuu wa wilaya, mti unakaguliwa, leseni inalipiwa, gogo linagongwa nyundo, ndipo linapata hati ya kusafiri. Inachosha. Niliwahi kuona mzee akikata tamaa njiani, na sikumlaumu. Lakini mti hauozi ukiwa umesimama, na bei yake haishuki kwa kumsubiri mwenyewe. Akisikia pia huyo kijana anaulizia mninga au mkongo, asidhani huko ni salama. Mwishoni mwa mwaka 2022 huko Panama miti hiyo nayo iliongezwa katika orodha ya CITES.

Tuje nyumbani, maana najua ndiko kunakouma.

Mume wako hajakasirikia kitabu. Ana deni kwa kaka yake ambalo hawezi kulilipa, na wewe umelitaja kwa jina lake bila kutaka. Usirudi kwake na hoja za sheria. Rudi na mambo mawili. Kwanza lile la muhuri, mweleze nilivyokueleza: kwamba huyo kijana anamtumia kaka yake kumfikia mke wake, na karatasi ikipatikana na uongo, sahihi itakayotafutwa ni ya mama watoto wake. Nadhani hasira yake itageuka upande mwingine. Pili, mwambie yeye ndiye aende kwa kaka yake, si wewe. Wewe ulikwenda kama katibu hata kama ulikwenda kama shemeji, na mwanamume aliyeulizwa na katibu hujibu kwa kiburi. Ndugu yake akikaa naye, na kama huko kwenu mjomba wao yupo hai basi awe naye, maneno yatakuwa mengine. Kusini huko neno la mjomba bado lina uzito, nami sisemi hivyo kwa kujipendelea.

Wampeleke yeye mwenyewe kwa kamati kabla ya kikao. Aseme alichokata, arudishe au aonyeshe alichopokea, na amtaje kijana na pikipiki yake. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kwenu kuliko faini yoyote. Mtu mmoja wa mkaa anaweza kuwa na mashemeji wengi katika vijiji vingi.

Kuhusu mama mkwe, nimeshangaa kidogo. Kijiji kinauza mpingo kwa mikataba, kimejenga madarasa, na mwanakijiji anavunjika nyonga hana pa kukimbilia ila kwa mnunuzi wa usiku? Kwa nini mkutano mkuu usiamue sehemu ya mapato ya msitu iende kwa wagonjwa, iwe bima au mfuko wa dharura wa kukopeshana? Fedha ni zenu, mkutano ndio unaopanga. Peleka hoja hiyo mkutano ujao, lakini isiwe katika kikao kilekile cha shemeji, watu watasema mnatafuta pa kujifichia. Ningependa mume wako ndiye aisimamie. Atakuwa na cha kumwambia kaka yake.

Kujiuzulu? Leo hapana. Ukijiuzulu kabla ukurasa haujaandikwa, utakuwa umewaachia kitabu wale wanaotaka kiandikwe "hali ni shwari", na kijijini watasema ulikimbia kwa sababu ulikula. Andika, toka kwenye ajenda, acha halmashauri iamue. Baada ya hapo, ukiona nyumba yako haiwezi kubeba kazi hiyo, toa notisi kwa maandishi, kabidhi daftari, kitabu na stakabadhi kwa hesabu mbele ya mtendaji, kila mmoja abaki na nakala ya makabidhiano.

Visiki vyenyewe msiving'oe na msivichome moto kwa hasira. Mpingo huchipua tena kutoka kisikini na kwenye mizizi. Waambieni wanaochoma mashamba msimu huu wazuie moto usifike pale, vichipukizi vikitoka vipunguzwe vibaki viwili vilivyonyooka, na mahali pale paendelee kuandikwa katika kila doria.